Mmoja Kati ya Saba

Benki iliwahi kumrudishia Mwalimu fomu mara tatu kwa sababu sahihi zake hazikufanana. Mara ya kwanza aliandika jina lake lote kwa herufi za kitoto, mara ya pili akaandika nusu, na mara ya tatu akachora kitu kama mzizi. Msichana wa kaunta akamwambia, "Mzee, hii si kama ile ya kwanza." Mwalimu akamjibu, "Hata mimi si kama yule wa kwanza, lakini wacha tujaribu tena." Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake nikiwa nimembebea mwavuli, nikacheka mpaka askari wa mlangoni akanitazama vibaya. Maana huyo mzee aliyeshindwa na sahihi yake mwenyewe alikuwa amekula miaka yake yote akitafiti sahihi.

Sijui alizaliwa wapi, na mlango wa kuuliza mambo hayo hakuwahi kuufungua. Pale chuoni walimwita Daktari, jina ambalo hakulipenda. Alisema daktari ni wa kudunga watu sindano. Kule Kapsoya, mtaa wa Eldoret alikoishi katika nyumba ya vyumba viwili yenye ua wa michongoma, watoto, wauza mboga na hata wale vijana wanaokimbia mazoezi asubuhi wote walimwita Mwalimu, na aliitikia kwa furaha. Mkewe alikuwa amefariki kabla sijamjua. Picha yake ilikaa juu ya redio, na redio haikuwashwa.

Siku ya kwanza nilipoingia ofisini kwake kuomba anisimamie tasnifu yangu, hakuniuliza alama nilizopata. Aliniuliza nyumbani ni wapi.

"Ziwa," nikasema, ndilo jina la kijiji chetu.

"Huko kwa ng'ombe. Baba yako anapeleka maziwa?"

"Kila asubuhi, Mwalimu. Kwa chama cha wafugaji."

"Haya. Maziwa ya baba yako yakishamwagwa kwa tanki, utajua ni gani?"

"Hapana. Inachanganyika yote."

"Na tanki ikiharibika kwa sababu mtu mmoja ameweka maji?"

Nikamweleza kwamba karani wa mapokezi huchota kidogo kutoka kwa kila mtu na kutia kwenye chupa yenye namba, na kukiwa na shida hurudi kwenye chupa. Mwalimu akapiga meza kwa kiganja. "Basi somo umeshaelewa! Iliyobaki ni hesabu peke yake."

Na kweli ndivyo ilivyokuwa. Sahihi ya kundi, kama alivyoifundisha, ni njia ya mtu kuandika barua ikajulikana bila shaka kwamba imetoka kwa mmoja wa kundi fulani, lakini isijulikane ni yupi. Anayeisoma anaonja maziwa ya tanki. Yule mtunza chupa peke yake ndiye anayeweza, akitaka, kulinganisha na kumjua mwenyewe. Tangu siku hiyo hakuniita kwa jina langu. Niliitwa mtu wa Ziwa, na siku akiwa na furaha, mtu wa Ziwa mwenye ng'ombe.

Hesabu zenyewe zilikuwa za kimia, yaani nukta zilizopangwa kwa mistari kama mashimo ya wavu, zikienda bila mwisho. Mwalimu aliamini kompyuta za kesho zitafungua kufuli zote tunazotumia leo, na kwamba kufuli za kimia ndizo zitakazobaki. Alikuwa na kishamba kidogo Yamumbi, nje kidogo ya mji, na kila msimu wa kupanda alitupeleka huko tumsaidie. Alipanda mahindi kwa kamba na rula, shina na shina, mpaka majirani wakawa wanasimama kwa ua kumtazama. Mama mmoja aliyepakana naye alimpigia kelele, "Mwalimu, mahindi haijui kusoma! Wewe tupa tu!" Yeye akaendelea kupima. Mahindi yalipofika magotini alimfunga mmoja wetu kitambaa machoni, akamsukuma hatua moja unusu kutoka kwenye shina, akamwambia atafute shina la karibu zaidi. Tukalipata kwa kupapasa. "Hapa ni rahisi," alisema, "kwa sababu shamba lina urefu na upana. Sasa nipatie shamba lenye pande mia tano, nikusukume, halafu unipate." Tulicheka, yeye hakucheka. Alikuwa akiliona hilo shamba.

Lakini kilichomnyima raha hakikuwa kumwingiza mtu kwenye kundi. Kilikuwa kumtoa. Mtu akihama, akimaliza masomo au akifanya ubaya, utamtoaje bila kuwabadilishia wengine wote funguo? Njia aliyoifuata ilikuwa hii: kila mwanachama ana alama yake ya siri, ambayo mtunza kundi anaihifadhi. Siku ya kumtoa, alama hiyo inabandikwa hadharani, na yeyote anayekagua barua anaangalia kama sahihi yake inalingana na alama iliyobandikwa. Ikilingana, inakataliwa. Njia nzuri, ila ina jeraha. Alama ikishabandikwa, mtu yeyote anaweza kuichukua, akarudi nyuma kwenye barua zote za zamani, na kujua zipi ziliandikwa na huyo aliyetolewa.

"Anayetolewa leo asivuliwe nguo za jana," Mwalimu alikuwa akisema. Alilisema hilo darasani, alilisema akimenya viazi, alilisema mpaka tukawa tunammalizia kwa pamoja kama kiitikio cha kanisani. Kuifunga hiyo njia ya kurudi nyuma ndiyo kazi aliyotugawia vipande vipande.

Tulikuwa saba. Kila Jumamosi tulikwenda kwake Kapsoya, mimi, Chebet, Barasa na wengine wanne, tukakaa kwenye viti visivyofanana, tukala githeri ya mahindi na maharagwe na kunywa chai kwa vikombe vya bati vilivyoning'inia kwenye misumari saba ukutani. Cha nane, chake, kilikuwa na ubavu uliobonyea. Ubao ulikuwa sebuleni, mahali wengine huweka televisheni. Nimekaa vyumba vingi vya watu wenye akili tangu wakati huo, na sijapata tena joto la chumba kile. Chebet ndiye aliyekuwa hodari kutuzidi, na ndiye pekee aliyethubutu kumwambia Mwalimu, "Hapo umekosea." Mwalimu alifurahi kiasi kwamba alimwongezea chai.

Sasa niseme na kasoro zake, maana sitaki kumfanya malaika. Alikuwa mwepesi wa kuchoka na watu wajinga na aliwaonyesha. Alisahau tarehe zote isipokuwa ya kupanda. Alisoma kazi zetu kwa rula, mstari kwa mstari, na karatasi ikikaa kwake unaweza kuoa na kuzaa ukiingoja. Na mtu huyu aliyekuwa mkali kwa mawaziri akisoma gazeti hakuweza kabisa kumwambia mtu habari mbaya usoni. Akiona kazi yako ina kosa kubwa, alianza kukusifia mavazi. "Shati yako ni nzuri," angesema, na wewe moyo unakushuka, kwa sababu sote tulijua maana yake. Kamba yake ya mahindi ilikuwa imenyooka kuliko ulimi wake.

Idara ilikubali tuijaribu kazi yetu kwa jambo la kweli. Sisi wanafunzi saba wa uzamili tuliruhusiwa kumwandikia mkuu wa idara barua zenye sahihi ya kundi. Tuliandika kuhusu bomba lililoharibika, kuhusu maktaba kufungwa mapema, kuhusu mhadhiri mmoja aliyekuja darasani amelewa. Mkuu alikagua sahihi, akajua imetoka kwetu, na asijue ni nani. Zile alama saba za siri Mwalimu alizitia kwenye flash, na flash akaitia ndani ya kopo la majani ya chai juu ya kabati. Kuzilinganisha na barua yoyote kungechukua muda mfupi kuliko kuchemsha maji.

Sura yangu ya tatu ilikaa kwa Mwalimu miezi tisa. Wenzangu walisonga mbele, mimi nikabaki. Muda wangu chuoni ulikuwa unaisha, baba ananiuliza kila nikienda nyumbani, na kila Jumamosi nikimuuliza Mwalimu anasema, "Bado naisoma, bado naisoma." Nikaingiwa na chuki. Nilikaa kwenye kompyuta Jumatano moja mchana nikamwandikia mkuu wa idara kwamba Mwalimu amezeeka, hasomi kazi zetu, anatugeuza vibarua wa shamba lake, na kwamba sisi sote tunaogopa kusema. Nikaitia sahihi ya kundi. Niliandika kwa hasira na niliandika vizuri, hilo ndilo linaloniuma. Neno "sisi sote" lilikuwa uongo mtupu. Sikuwa nimemuuliza mtu.

Barua ilikaguliwa, ikaonekana ni ya mmoja wetu kweli, na ikaaminiwa. Mwalimu akaondolewa usimamizi wa wanafunzi wote. Baada ya mwaka akastaafu kabla ya wakati wake.

Karani wa idara, mama ambaye huwa hafichi kitu, alinisimulia kilichotokea ofisini. Mkuu alimtaka Mwalimu alete kopo. Akamwambia, "Daktari, si wewe ndio uko na hizo alama? Angalia tu tujue ni nani, labda ni fitina." Mwalimu akasema, "Niliwaambia watoto hawa hawatajulikana. Nilipowaambia, sikusema isipokuwa siku itaniuma mimi." Kisha akachukua kofia yake. Baadaye, tulipohitimu, ofisi ilimtaka awatoe waliomaliza ili waingizwe wapya. Alikataa pia. Kututoa kungemaanisha kuzibandika alama zetu, na ile njia ya kurudi nyuma ilikuwa haijafungwa bado, kwa hiyo barua ingempata mwandishi wake. Walimwona mzee mkaidi anayeng'ang'ania orodha ya watu walioondoka. Jaribio likafa hivyo, na majina yetu saba ndani yake.

Wiki mbili baada ya kuondolewa kwake nilikwenda Kapsoya. Nilikwenda kuungama, nasema kweli mbele ya Mungu. Nikamkuta peke yake, ubao umefutwa. Kabla sijafungua mdomo akanipa bahasha. Ndani mlikuwa na kurasa nne za penseli. Sura yangu ya tatu ilikuwa na kosa katika ukurasa wa arobaini na moja, kosa la kuangusha tasnifu nzima, na alikuwa ameliona mwezi wa kwanza. Miezi minane iliyobaki alikuwa akitafuta njia ya kulirekebisha ili asije kuniambia habari mbaya bila dawa yake. Dawa ilikuwa kwenye kurasa zile. "Shati yako ni nzuri," akaniambia, akatazama kando. Mimi nikasema asante. Hilo tu. Nilitoka na bahasha kifuani, na nikahitimu nayo.

Basi nikawa nakwenda. Mwanzo kwa aibu, kisha kwa mazoea, na mwisho kwa sababu nilimpenda. Nilipata kazi ya kufundisha hapa hapa mjini, na kila Jumamosi nilimpelekea lita mbili za maziwa kutoka nyumbani. Wenzangu hawakuonekana. Nilidhani wamemsahau, kama watu wanavyosahau, na nikajisifu moyoni kwamba mkosefu ndiye aliyebaki mwaminifu. Tulikaa wawili. Mvua ya Eldoret ikipiga mabati tulikuwa hatusikilizani, tukanyamaza mpaka ipite. Aliviosha vikombe vyote saba kila Jumamosi, akavikausha, akavirudisha kwenye misumari, halafu tukanywea viwili tu, changu na chake. Simu yake ilikuwa ikilia wakati mwingine. Aliitazama mpaka inyamaze, akaigeuza kifudifudi. Sikuuliza ni nani.

Nilijua ni nani mwaka jana. Tulikuwa sebuleni, mvua imeanza, mtu akabisha geti. Mwalimu akachungulia dirishani, akarudi nyuma haraka. "Mwambie nimelala," akaninong'oneza.

Alikuwa Chebet, amembeba mtoto mgongoni, amelowa. Alikuwa amekuja likizo kutoka ng'ambo, anakofundisha.

"Amelala," nikamwambia.

"Saa nane mchana?" Akatazama dirisha. Pazia lilikuwa linacheza. "Aki hata leo? Miaka yote hii nampigia hashiki. Sisi wote hashiki zetu, uliza hata Barasa. Christmas, mwaka mpya, hakuna. Nilimkosea nini, si uniambie tu?"

"Ni uzee," nikasema.

"Na wewe je? Mbona wewe anakufungulia?"

Alisimama kidogo, akamfunika mtoto vizuri, akaenda kutafuta boda. Niliporudi ndani Mwalimu aliuliza, "Ameenda?" Nikasema ameenda. Akashusha kikombe kimoja kutoka msumarini, akakiosha, ingawa kilikuwa safi. Wiki nzima sikulala vizuri, lakini Jumamosi iliyofuata nilipeleka maziwa kama kawaida na nikanyamaza. Woga wangu ni wa aina hiyo, unaamka mapema na kufanya kazi zote za siku.

Mwezi Agosti mwaka huu Mwalimu alihamia kishambani Yamumbi, kwenye chumba kimoja cha mabati alichojenga. Kule Kapsoya alikuwa ameshindwa kupanda kilima kidogo cha kutoka barabarani. Nilimsaidia kuhamisha. Vitu vyake vilijaa pikapu moja na nafasi ikabaki. Mahindi yalikuwa yameshabeba, mistari imenyooka kuliko ya mtu yeyote pale, lakini katikati kulikuwa na kipande alichoshindwa kupanda.

Tulipomaliza akaketi kitandani, akanipa lile kopo la chai.

"Weka wewe. Nikienda, choma kilichoko ndani. Usifungue, choma."

"Kwa nini mimi, Mwalimu?"

"Nitampa nani?" Akavua miwani, akaifuta kwa sweta. "Sikiza, mtu wa Ziwa. Mimi sikuangalia. Nilisema sitaangalia na sikuangalia. Lakini hakuna mtu aliniambia vile itakuwa. Nikimwona Chebet, najiuliza, ni wewe? Nikimwona Barasa, ni wewe? Mtu anakuletea chai, unaangalia mkono wake. Ningefungua hii kopo ningepoteza mmoja. Nikaona heri nisiwaone kabisa kuliko kuwaangalia hivyo. Ni wewe tu niliondoa kwa hesabu."

"Uliniondoaje?"

"Ulirudi. Mwenye kosa harudi. Hiyo haikuhitaji alama."

Nilikuwa nimeshika kopo kwa mikono miwili. Mtu aliyekataa kukubali mstari wowote usio na ithibati, aliyekaa miezi tisa na kurasa zangu, alikuwa amejenga miaka yake yote ya mwisho juu ya dhana moja isiyothibitishwa, na dhana yenyewe nilikuwa mimi. Wale sita walikuwa wameadhibiwa kwa barua yangu, na mimi ndiye niliyekunywa chai yao. Nikijinyamazia, angekufa akiniamini. Ndiyo, nililifikiria hilo. Nililifikiria kwa muda mrefu kuliko mtu mwema angelifikiria.

"Mwalimu," nikasema, "ile barua niliandika mimi."

Hakushtuka. Alirudisha miwani usoni, akanitazama kama mtu anayesoma kwa rula, kutoka juu kwenda chini. Nje yule mama jirani alikuwa akifukuza kuku kwenye mboga zake.

"Ni kwa sababu ya ile sura?"

"Ndiyo, Mwalimu. Miezi tisa. Nilidhani hata hujaishika."

"Ukurasa wa arobaini na moja," akasema, kwa sauti ya mtu anayekumbuka jina la kijiji.

"Ndiyo."

Nilingoja matusi. Ningeyapokea kama mvua baada ya kiangazi. Badala yake akaanza kupapasa kitandani mpaka akapata simu yake, kisha penseli, kisha bahasha kuukuu ya kuandikia. "Nipe namba ya Chebet. Ile ya ng'ombo, ng'ambo, hiyo ya huko." Ulimi ulikuwa unamkwama. "Za zamani nilifuta. Na ya Barasa. Zote sita, pole pole, macho yangu si mazuri."

Nikamsomea. Aliandika kila tarakimu kwa mkono uleule wa kitoto, akinirudishia kila namba mpaka nikasema sawa. Ya sita ilipokwisha alichora mstari chini yake. Kisha akapiga ya kwanza, simu ameibana sikioni kwa mikono yote miwili.

"Chebet? Ni Mwalimu." Akasikiliza. "Hapana, hapana, sijagonjeka. Usilie, mama. Siku ile sikuwa nimelala, unasikia? Sikuwa nimelala. Nisamehe. Hebu niambie, huyo mtoto anaitwa nani?"

Uso wake ulikuwa umefunguka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu Jumamosi za ubao. Miaka yote niliyokaa naye nikimletea maziwa sikuwahi kuuona uso huo, wala sikujua kwamba haupo. Niliweka kopo mezani, nikasimama. Nilisubiri aseme kitu, chochote.

"Mwalimu, wacha niende."

Akafunika simu kwa kiganja. Alinitazama, halafu macho yake yakahamia kando, kwenye mlango.

"Shati yako ni nzuri," akasema.

Akarudi kwenye simu. Nilitoka nikapita katikati ya mahindi yake mpaka barabarani. Kulikuwa na baridi ile ya Agosti, na tangu asubuhi nilikuwa nimevaa koti, nimefunga zipu mpaka shingoni.